Usinunue bushi ndogo: mashiko ya shingo ya ganda yanatoka wapi

Swali nalileta kama lilivyonifikia, nimelifupisha kidogo tu. Kwa asiyejua, ganda ni kile kikopo cha brasi kinachobeba baruti, kichwa ni kile kinachoruka, shingo ni mdomo mwembamba wa ganda unaokishika kichwa, na kukalisha ni kukisukuma kichwa ndani ya shingo. Dai ya bushi ni chombo cha kwenye presi chenye pete ya chuma, ndiyo bushi, inayoibana shingo iliyotanuka irudi ndogo, na namba kama 0.334 ni inchi. Kronografu ni chombo cha kupima mwendo wa risasi. “Ami shikamoo. Mimi mtoto wa Kisauni ila sai niko Texas mwaka wa sita, huku nimejifunza kujaza risasi zangu mwenyewe za .308 Winchester, napiga shabaha yadi 600 na nikipata nafasi yadi 1000. Nilinunua dai ya bushi, bushi yenyewe ni 0.334 kama nilivyoshauriwa. Maganda yangu mengine nimeyafyatua mara moja, mengine mara tano, mengine niliyaokota uwanjani. Shida ni kwamba nikikalisha vichwa, kimoja kinateleza kama mlenda, kinachofuata mpaka niuegemee mkono wa presi, na kronografu inanionyesha tofauti ya futi 55 kwa sekunde kati ya risasi ya mbio zaidi na ya pole zaidi. Ninunue bushi ya 0.332 ili shingo zote zibane sawasawa?”

Marahaba mwanangu. Jibu ni hapana, hiyo bushi ya 0.332 iwache dukani. Ukiinunua utabana shingo zaidi ndio, lakini zile ambazo hazilingani zitabaki hazilingani vilevile, ila sasa zote zitakuwa nzito kuingia na mkono wako utakudanganya kwamba umetengeneza. Nasema hivi kwa sababu nimepita hapo hapo ulipo. Mimi ni fundi wa lethi, nlianzia karakana za Shimanzi nikiwa kijana, halafu nikakaa miaka 11 Arizona kwenye karakana ya kutengeneza mitutu ya bunduki za shabaha, na mtutu ukimalizika lazima ujaribiwe, na risasi za kujaribia tulikuwa tunazijaza wenyewe mezani jioni baada ya kazi. Sasa niko nyumbani Mombasa nakereza shafti na bushi za malori, lakini hesabu ya shingo ya ganda haijanitoka kichwani.

Wale mnaosoma mkiwa hapa pwani nawaomba mnielewe kabla sijaendelea. Huyu kijana yuko mahali ambapo mtu binafsi anaruhusiwa kujaza risasi za matumizi yake. Kwetu Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inataka anayetengeneza risasi awe amesajiliwa kama mfanyabiashara wa silaha, na uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu 1977. Kwa hivyo someni kama elimu ya chuma na vipimo, msiende kuanza meza ya presi chumbani Likoni.

Haya, turudi. Mashiko ni ile nguvu ambayo shingo ya ganda inamshika kichwa mpaka baruti iwake na kumsukuma atoke. Watu wengi wakiulizwa mashiko yao ni mangapi wanajibu kwa namba, wanasema thau 2 au thau 3, yaani shingo ni ndogo kuliko kichwa kwa sehemu 2 au 3 za elfu ya inchi. (Kwa aliyezoea milimita, thau moja ni 0.0254 ya milimita, hata unywele wa kichwa chako ni mnene kuliko hapo.) Lakini ile namba ni tofauti ya ukubwa tu, sio nguvu. Nguvu inatoka kwa vitu vinne kwa pamoja, unene wa ukuta wa shingo, ugumu wa brasi, hali ya uso wa ndani, na urefu wa sehemu inayogusana na kichwa. Bushi inashughulika na ukubwa wa nje peke yake. Hivyo vingine vyote hata havijui kama kuna bushi duniani.

Anza na ukuta manake nadhani nusu ya ugonjwa wako uko hapo. Kichwa chako ni 0.308. Chukua ganda lenye ukuta wa 0.015, ukitia kichwa ndani, kipimo cha nje cha shingo kinakuwa 0.308 jumlisha 0.015 mara mbili, yaani 0.338. Bushi yako ya 0.334 inalibana thau 4 chini ya hapo. Sawa. Sasa chukua ganda la kampuni nyingine uliloliokota, ukuta wake 0.013. Hesabu ile ile inakupa 0.334. Unaona? Bushi imelishika ganda hilo pale pale kichwa kitakapolifikisha, mashiko ni sifuri, kichwa kinaingia kwa kidole. Kuta mbili zimetofautiana thau 2 tu na mashiko yameruka kutoka sifuri hadi 4, kwa sababu ukuta uko pande mbili za kichwa na kila kosa linahesabiwa mara mbili. Ukileta bushi ya 0.332 utakuwa na 2 huku na 6 kule, pengo ni lile lile la thau 4. Hilo ndilo nililotaka ulione kwa macho yako kabla hujatoa kadi ya benki.

Na usipime na kalipa ya kidijitali. Kalipa nzuri ya dukani ina kosa la thau 1 juu au chini, na wewe unatafuta kitu cha thau 2, kwa hivyo nusu ya unachosoma inaweza kuwa ni kalipa inazungumza yenyewe. Tafuta maikromita ya mabomba, ile yenye ncha ya duara upande mmoja, ingiza shingo, pima sehemu nne kuzunguka, usipime sehemu moja tu. Ganda ambalo upande mmoja ni 0.0135 na upande wa pili 0.015 haliwezi kukishika kichwa kikakaa katikati, hata ulibane na bushi ya dhahabu.

Sasa hata ukiwa na kuta zinazolingana, kubana zaidi hakukupi mashiko zaidi kama unavyodhani. Brasi ina mrudio kama mpira lakini mrudio mfupi sana, ukiitanua kidogo inavuta irudi, ukipita kiwango inakubali umbo jipya na inabaki hapo. Kwa tundu la ukubwa huu kiwango kinafika mapema, thau 1 hadi 2 hivi kulingana na ugumu wake. Kwa hivyo ukiibana shingo thau 5 chini ya kichwa, kichwa chenyewe kikiingia ndicho kinaitanua tena, kinafanya kazi ya chombo, na mwisho wa yote kinachokishika ni ule mrudio wa thau 1 au 2 za mwisho. Zile nyingine umezilipa kwa jasho, kwa koti la kichwa, ile ngozi yake ya shaba, lililokwaruzwa, na wakati mwingine kwa alama ya duara ambayo dai ya kukalishia inaiacha karibu na ncha. Angalia vichwa vyako, ukiona ile alama ya pete ujue unasukuma kupita kiasi.

Ndio maana mimi sehemu ninayoishikilia kuliko zote ni ugumu wa brasi, yaani historia ya ganda. Brasi ya maganda ni shaba nyekundu asilimia 70 na zinki asilimia 30. Wewe umekulia huku, umeona madele ya kahawa, na huenda umemwona mfua shaba akifanya kazi. Anagonga, anageuza, anagonga, halafu ghafla anasimama, anaitia ile shaba motoni, akiitoa anaendelea kugonga. Hafanyi hivyo kwa kupumzika. Shaba ikigongwa inakaza, chembe zake ndani zinasongamana na hazitelezi tena, akiendelea kulazimisha itapasuka. Moto unazipanga upya na shaba inalainika. Shingo ya ganda lako inapigwa nyundo ile ile kila mzunguko, ukifyatua inatanuka mpaka igonge ukuta wa chemba, yaani tundu la mtutu ambamo risasi inakaa, kwenye chemba ya kiwandani ya .308 ni kama 0.344 na ikitoka inabaki kama 0.343, kisha bushi inairudisha 0.334, kisha kichwa kinaitanua, kisha unafyatua tena. Ganda la mara moja na ganda la mara tano ni chuma viwili tofauti japo kwa macho ni mapacha.

Na ugumu unacheza mara mbili, hapa ndipo wengi wanapotea. Ganda lililokaza likitoka kwenye bushi linarudi nje kidogo, umelibana 0.334 ukipima unakuta 0.335 au zaidi, lile laini linabaki karibu na 0.334. Kwa hivyo kwa bushi moja umepata ukubwa mbili. Halafu ukitia kichwa, lile gumu ingawa limebana kidogo linasukuma kwa nguvu zaidi kwa kila thau, lile laini linakubali tu. Ukichanganya maganda ya umri tofauti kwenye boksi moja, hakuna bushi, hakuna dai, hakuna presi ya bei gani itakayokutoa hapo.

Dawa ni mambo mawili. Kwanza tenga maganda yako, kampuni moja, boksi moja, idadi moja ya kufyatuliwa, na tangu siku hiyo yatembee pamoja kama watoto wa darasa moja, likifyatuliwa moja mara ya tatu yote yako mara ya tatu. Pili yatie moto, na uyatie yote kwa mpango mmoja. Mashine za kupasha kwa umeme ziko na ni nzuri sana lakini ni ghali, wewe anza na moto wa gesi ya propeni na kishikio kinachozunguka kwenye drili, ganda likae ndani ya kishikio shingo na bega, pale ganda linapoanza kunenepa chini ya shingo, zikiwa nje. Punguza taa ya chumba. Ncha ya moto iguse pale shingo inapokutana na bega, zungusha polepole, hesabu sekunde, na pale wekundu hafifu kabisa unapotaka tu kuchungulia kwenye mdomo, toa. Ukishaipata hesabu yako, tuseme sekunde 6, basi 6 kwa kila ganda, usibadilishe chupa katikati ya kazi wala usisogeze moto. Kuna rangi ya kupimia joto inayoyeyuka kwenye nyuzi fulani, paka kidogo upande wa kitako ujue joto halijashuka huko. Kitako kisipite nyuzi 250 za Selsiasi, kwa sababu kitako ndicho kinachobeba mshindo, kikilainika unashika bomu karibu na shavu lako. Na ganda lenye praima nzima, kile kiwashio cha kitakoni, au baruti haliendi karibu na moto kabisa, hakuna mjadala.

Mtu atakwambia ulitupe kwenye maji ili lilainike. Maji hayalainishi brasi wala hayaikazi, kukazwa na maji ni tabia ya chuma cha kisu, brasi haijali inapoa vipi. Kazi ya maji ni kuzuia joto lisiteremke kitakoni na wewe usiungue vidole, basi.

Ukizidisha moto pia umeharibu. Kule Arizona mara moja nliwacha maganda 40 yang'ae rangi ya chungwa kabisa, nikayaona mazuri. Nikaja kuibana shingo ya moja kwa koleo kidogo sana, ikabaki imebanwa, haikurudi hata chembe, kama bati la mkebe. Ganda zuri ukilibana kidogo namna ile linaruka kurudi mviringo. Yale 40 yalikuwa hayana mrudio tena na bila mrudio hakuna mashiko, na huwezi kuukazanisha upya kwa njia ya kuaminika, yote yakaenda kwenye ndoo ya chuma chakavu. Kwa hivyo toa ganda moja la kujaribia kila ukianza, liminye, liangalie, kisha ndio uendelee.

Hapo nikupe kisa kidogo ambacho mimi kinanigusa kwa sababu kina msimu ndani yake kama kusi na kaskazi yetu. Karne ya 19 Waingereza waliokuwa India waliona maganda ya risasi yaliyowekwa ghalani yanapasuka yenyewe bila kufyatuliwa, tena wakati wa masika. Walikuwa wameyahifadhi karibu na mazizi ya farasi. Ikaja kueleweka, na mwaka 1921 ikaelezwa vizuri na wataalamu, kwamba amonia inayotoka kwenye mkojo wa farasi pamoja na unyevu ilikuwa inaila brasi pale ambapo bado ina msongo uliobaki kutokana na kufuliwa. Dawa ilikuwa ni kuipasha brasi moto kuondoa ule msongo. Ukiangalia risasi za kijeshi mpaka leo utaona kivuli cha rangi ya buluu na kahawia kwenye shingo na bega, hiyo ni alama ya moto wa kiwandani wameiacha. Na kwako wewe somo ni hili, zile dawa za kung'arishia shaba ambazo ukifungua kopo zinachoma pua, zenye amonia, zing'arishie dele la mamako ukirudi likizo, maganda yako usiyaguse nazo.

Tukija kwenye kung'arisha, swali langu kwako, unayaosha vipi maganda? Hukuniambia. Nauliza kwa sababu hiki ndicho kilinipotezea mimi mwezi mzima. Niliambiwa njia safi kuliko zote ni kuyazungusha kwenye maji na pini ndogo za chuma kisichoshika kutu, nikafanya masaa matatu, yakatoka yanang'aa nje na ndani kama mikufu ya biarusi. Nikajaza 50. Kila kichwa kilikuwa kinaingia kwa kukwama kwama, nasikia kwenye mkono wa presi kitu kama mlango wenye bawaba kavu, tkr tkr tkr. Nikang'oa kimoja nikakitazama chini ya taa, kina mistari mirefu kwenye koti, shaba juu ya shaba zimekwaruzana. Uso wa ndani uliosafishwa mpaka ukawa uchi hauna kilainishi chochote, na zile risasi ukiziacha miezi, kichwa na shingo vinaanza kushikana chenyewe kwa chenyewe, nilipokuja kung'oa nyingine baadaye nguvu iliyohitajika ilikuwa ni kitu kingine kabisa. Wenye viwanda vya kijeshi wanapaka lami nyembamba shingoni, kazi yake kubwa ni kuzuia maji lakini pia inatenganisha.

Ule moshi mweusi unaobaki ndani ya shingo baada ya kufyatua sio uchafu wa kuchukia, ni kilainishi cha bure. Mimi siku hizi ningesema safisha kwa njia kavu, magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda ya jozi (walnut) yaliyosagwa kwenye mashine ya mtetemo, kisha burashi ya nailoni ipite ndani ya shingo mara tatu, kila ganda mara tatu hizo hizo, uache ule weusi mwembamba uliolingana. Kama umeshazoea njia ya maji basi sawa, ila kabla ya kukalisha kichwa chovya mdomo wa ganda kwenye kikopo cha unga wa grafaiti, ukung'ute. Na ukishatia moto kumbuka ndani pia pamebadilika, kumekuwa na ukavu fulani wa moto, grafaiti hapo inahitajika zaidi.

Vyombo sasa. Dai yako ya bushi ni nzuri ila unaitumia kwa pupa, na sio kosa lako, hakuna aliyekuambia. Kutoka 0.343 hadi 0.334 ni thau 9 kwa mkupuo mmoja. Shingo ikisukumwa zaidi ya thau 5 au 6 kwa mara moja haitokei ya mviringo safi, inaweza kupinda kidogo na ndani ikawa ndogo kuliko ulivyokusudia. Nunua bushi ya 0.338 badala ya ile 0.332 uliyotaka, pitisha ya 0.338 kwanza, kisha 0.334. Pesa ni ile ile.

Halafu toa ile tufe ya kutanulia iliyo kwenye fito ya kati ya dai, kama bado unayo. Inapita ndani ya shingo wakati unavuta ganda kutoka, inavuta shingo kwenda juu, ganda lenye mafuta inalipita kwa urahisi, lenye ukavu inalivuta mpaka bega linasogea, na mara nyingi ndiyo inayopinda shingo. Weka mandreli, yaani fito ya chuma iliyokerezwa kipimo kamili, kwenye hatua yake peke yake baada ya bushi, inayoingia kutoka juu kwenda chini huku ganda limekaa imara. Kwa kichwa cha 0.308 mimi napenda mandreli ya 0.306, ikitoka brasi inarudi ndani kidogo sana na unabaki na mashiko ya thau 2 na kitu. Faida yake ni kwamba bushi inaweka sawa upande wa nje na kuzisukuma kasoro zote za ukuta ndani, pale kichwa kinapokaa. Mandreli inafanya kinyume, inasawazisha ndani na kuzitupa kasoro nje, ambapo chemba ya kiwandani ina nafasi ya kutosha na haitajali. Kwa maoni yangu hiki ndicho chombo cha kwanza kununua kwa mtu aliye pale ulipo, kabla ya mizani ya bei na kabla ya dai nyingine yoyote.

Kukereza shingo kwa nje ili ukuta ulingane? Wewe bado. Nimekereza shingo elfu na kitu maishani mwangu na naipenda ile kazi, lakini kwenye chemba ya kiwandani yenye nafasi, ukipunguza ukuta unaongeza mwendo wa brasi kila ukifyatua na inakaza haraka zaidi. Nunua maganda mazuri ya boksi moja, yapime, yale yanayopishana zaidi ya thau 1 kuzunguka shingo yatoe kando. Ni rahisi kuliko lethi.

Urefu wa ganda uwe mmoja, kata yote kipimo kimoja, na mdomo wa ndani upitishe kisu cha kuchamfa ukali uondoke. Ukiona kijisokoto cha brasi au cha koti kama uzi wa dhahabu kimekaa mdomoni baada ya kukalisha, hukuchamfa vya kutosha. Hilo halina mengi.

Kukalisha kwenyewe ndiko kunakokwambia ukweli. Fanya polepole, mwendo mmoja, usikilize kiganja. Wenye presi ndogo ya mkono yenye saa ya kupimia nguvu wanaandika namba kwa kila risasi, wewe waweza kuanza kwa kutenga mafungu matatu tu, nyepesi, kati, nzito. Zile za kati ndizo za shabaha ya mbali, zile nyepesi na nzito ni za kupashia mtutu joto na za yadi 100. Ujue tu kwamba nguvu ya kuingiza sio nguvu ya kuachia, baruti ikiwaka gesi inaitanua shingo na kichwa kinaachiliwa mapema sana, lakini kama zote zimeingia sawa kuna matumaini makubwa zitaachia sawa.

Zile futi 55 zako nazo, usizibebeshe shingo zote. Kichwa cha greni 175 (greni ni kipimo cha uzito wa vichwa na baruti) kinachotoka futi 2600 kwa sekunde, tofauti ya futi 55 inakupa zaidi ya futi nzima ya juu na chini ukifika yadi 1000, kwa hivyo ni haki yako kusumbuka. Lakini kwenye .308 kosa la greni 0.1 ya baruti peke yake laweza kukupa kama futi 5, kwa hivyo mizani ikicheza greni 0.3 umeshapata futi 15 ambazo shingo haina hatia nazo. Pima kila chaji, yaani kipimo cha baruti cha kila risasi, praima ziwe za boksi moja. Na usihukumu kwa risasi tatu, piga 15 au 20, tazama ile namba ya mtawanyiko wa wastani (SD) kwenye kronografu badala ya kutazama ile ya juu kabisa na ya chini kabisa, kwa sababu hizo mbili zinaachana kadiri unavyopiga nyingi hata kama risasi zako hazina neno.

La usalama usiliruke. Risasi ambayo kichwa chake kimelegea, ikipigwa na teke la bunduki ndani ya magazini, kichwa kinaweza kuzama ndani ya ganda na nafasi ya baruti ikapungua, shinikizo linapanda. Kila risasi uliyomaliza ibonyeze ncha kwenye kipande cha mbao kwa nguvu ya kidole gumba, pima urefu kabla na baada, ikisogea haiendi kwenye chemba. Zile za sifuri thau ulizokwishajaza zing'oe, usizipige uzimalize. Na ukishabadilisha mashiko, umebadilisha risasi, rudi chini kwenye chaji ya kuanzia ya kitabu chako na upande tena taratibu, hata kama ni baruti ile ile na kichwa kile kile.

Sasa Jumamosi hii usijaze hata moja. Kaa na maikromita, chukua maganda 20 ya kampuni moja yaliyofyatuliwa mara moja, pima kuta sehemu nne kila moja, andika kwenye karatasi. Yale ya mara tano yaweke kwenye mfuko wake mpaka upate moto wa kuyalainisha, yale ya kuokota yagawe uwanjani kwa wanaofyatua yadi 50. Ukimaliza nitumie zile namba 80 na uniambie unaosha kwa maji au kwa magunzi, halafu tutajua kama unahitaji mandreli ya 0.306 au ya 0.3065.